Jibu: Binti wa kidato cha kwanza na Eko Eko Azarak

Dada, unasema binti yako anataka kuitazama Eko Eko Azarak, ile filamu ya kutisha ya Kijapani ya 1995, na wenzake wikendi, nawe umeona ni wanafunzi wa sare tu ukadhani haina neno. Mimi ningemkatalia kwanza. Hizo sare zisikuhadae.

Hadithi yenyewe ni ya Misa Kuroi, msichana mgeni shuleni anayejua uchawi. Wanafunzi 13 wanabaki shuleni jioni, milango inagoma kufunguka, na kuna mtu anayewatoa kafara mmoja mmoja. Ubaoni imeandikwa 13 kwa chaki. Kila anapokufa mtu, namba inashuka. Hapo ndipo utamu ulipo, na ndipo mtoto atakapokosa usingizi, maana darasa lile ni kama lake.

Ila kinachonifanya niseme hapana si damu. Kuna mwalimu wa kike mwenye uhusiano wa kimapenzi na mwanafunzi wake, na picha haifichi sana. Ukiwa sebuleni na watoto wa watu, utaitafuta rimoti hadi chini ya kochi!

Itazame wewe kwanza, haifiki hata saa moja na nusu. Akishakuwa mkubwa, aanze na hiyohiyo ya 1995, iliyoongozwa na Shimako Sato. Ile ya pili, ya 1996, inasimulia mambo ya nyuma, lakini imetengenezwa kwa anayemfahamu Misa tayari. Na wale wenzake, wazazi wao waulizwe.