Barua kwa mwanangu: bei yako na neno "siwezi"

Mwanangu Neema,

Marahaba. Unauliza ujasiri utaupata wapi, maana mteja akikukazia jicho tu unashusha bei, na akikuonyesha picha ya gauni kwenye simu unasema "naweza" hata kama hujawahi kulishona. Umeyaandika kama maswali mawili. Mimi naona ni moja: hujui kazi yako inagharimu nini wala ufundi wako unaishia wapi, basi unamwachia mteja akuamulie.

Anza na daftari. Si lile la vipimo, hilo unalo. Hili liwe la kazi: aina ya nguo, saa za kukata, kushona na kumalizia, vifaa ulivyonunua, na nguo iliyorudi kurekebishwa, pamoja na sababu. Baada ya nguo 20 hivi utaacha kubahatisha. Tuseme gauni la kitenge lenye bitana: uzi, zipu na bitana shilingi 12,000, saa 9 kwa 3,000 kila saa ni 27,000, fungu la kodi na umeme 4,000. Jumla 43,000, na hapo faida bado, umejilipa jasho tu. Akitaja 30,000 unajua anakuomba zaidi ya saa nne za bure. Ni vigumu kumwonea mtu haya wakati hesabu unayo.

Ukishataja bei, nyamaza. Wengi huharibu hapa: wanaongeza "lakini tunaongea" kabla mteja hajafungua mdomo. Kama kweli hana, punguza kazi ndipo bei ishuke. Toa bitana, au mikono iwe ya kawaida badala ya ile ya kutuna.

Sasa hayo magauni ya korseti ya sendofu, yale ya kubana kifua kwa vijiti. Gauni la kawaida huongezewa kama inchi 2 kifuani ili mtu apumue. Korseti haiongezewi karibu chochote, kwa hiyo haina pa kufichia kosa. Piga hesabu: la vipande sita lina mishono sita, kila mshono una kingo mbili. Ukikosea thumni ya inchi kila ukingo, mduara mzima umebadilika inchi moja na nusu. Ndiyo maana linabana kwapani au linateremka, na wewe unadhani huna kipaji! Hakuna cha kipaji hapo, ni chaki nene na mkasi mbutu.

Nunua kitambaa cha marekani mita moja na nusu, cha kujaribia. Kata sehemu ya juu tu, ishone kwa mishono mirefu inayofumulika, mvalishe rafiki mwenye subira, bana kwa pini panapopwaya, kisha hamishia masahihisho kwenye karatasi ya mkato. Kitenge kisiguswe kabla ya hapo, na kiloweke kwanza kisije kikasinyaa baada ya kufuliwa. Na pande zote mbili bakiza inchi nzima ya kuachia likibana. Korseti tatu zikikaa vizuri kwenye miili mitatu tofauti, hapo sema "naweza". Sifa za shangazi zako usizihesabu, wao hawajavaa.

Kwa sasa mwambie mteja hivi: "Hili la vijiti vya kifuani sijalimudu bado. Naweza kukushonea la mkato huu, kwa siku kumi." Wengine wataondoka. Waache waende. Sisi mafundi tumeshachafua jina vya kutosha kwa "njoo kesho", kwa hiyo siku ulizohesabu ziongeze mbili kabla ya kuzitaja, na chukua kianzio cha nusu kabla ya kukata.

Yule wa sendofu ya Jumamosi uliyemwahidi korseti, mpigie leo, usingoje Ijumaa usiku. Mpe chaguo: mkato unaoujua, au kitenge chake na pesa yake yote mkononi, apate muda wa kutafuta fundi mwingine.

Mama yako