"Adhabu ya kifo" au "hukumu ya kifo"?

Swali: Ninafuatilia mjadala kuhusu adhabu inayowastahili watu waliouwawa wenzao au waliowaua, na ninaona waandishi wakitumia "adhabu ya kifo", "hukumu ya kifo" na "kunyongwa" kana kwamba ni kitu kimoja. Je, maneno haya yana maana moja? Na ni sahihi kusema kwamba adhabu hiyo hutolewa kwa kosa la "mauaji"?

Jibu: Maneno hayo hayana maana moja, na nathubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya ubishi katika mjadala huo hutokana na watu wawili kutumia neno moja huku kila mmoja akikusudia jambo lake. Adhabu ni kile ambacho sheria imekiweka tayari kwa atakayekosa, hata kabla hajapatikana mtu wa kuadhibiwa. Hukumu ni uamuzi wa mahakama juu ya mtu fulani katika kesi fulani. Kwa hiyo adhabu ya kifo imo katika kitabu cha sheria, ilhali hukumu ya kifo husomwa mbele ya mshtakiwa aliyetiwa hatiani. Baada ya hayo kuna hatua ya tatu, yaani utekelezaji, ambayo huenda isifikiwe kamwe. Kenya haijamnyonga mfungwa yeyote tangu mwaka 1987, na Tanzania tangu mwaka 1994, lakini mahakama za nchi zote mbili ziliendelea kutoa hukumu za kifo kwa miaka mingi baada ya hapo. Anayesema kwamba nchi hizo "ziliacha adhabu ya kifo" katika miaka hiyo amechanganya hatua ya kwanza na ya tatu.

Mfano ulio wazi zaidi ni uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Kenya wa Desemba 2017. Wapo walioueleza kuwa umefuta adhabu ya kifo, na maelezo hayo si sahihi. Kilichobatilishwa ni ulazima wake, yaani kile kifungu kilichomnyima hakimu au jaji hiari ya kupima mazingira ya kosa kabla ya kuamua adhabu ya aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia. Adhabu yenyewe ilibaki katika sheria. Malaysia nayo iliondoa ulazima huo kwa sheria ya mwaka 2023, pasipo kuifuta adhabu. Mwandishi makini ataandika "adhabu ya lazima ya kifo" pale inapohusika, hata kama kichwa cha habari kitarefuka kidogo.

Vivyo hivyo, tenganisha kufuta, kusitisha na kubadilisha. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya mwaka 1965, lilisitisha adhabu ya kifo kwa kosa la kuua kwa muda wa miaka mitano. Ni mwaka 1969 ndipo lilipoamua kwamba usitishaji huo uwe wa kudumu. Ufaransa iliifuta moja kwa moja mwaka 1981, na Rwanda mwaka 2007. Rais wa Kenya, Mwai Kibaki, alipoamuru mwaka 2009 kwamba wafungwa zaidi ya 4,000 waliokuwa wakisubiri kunyongwa watumikie kifungo cha maisha, hakufuta chochote katika sheria, wala hakuwasamehe kwa maana ya kuwaachia huru: aliwabadilishia adhabu.

Kuhusu "kunyongwa", kitenzi hiki kinafaa pale tu ambapo kitanzi kinatumika. Kwa kuwa ndiyo njia iliyowekwa na sheria zetu, tumezoea kukitumia kwa kila hali, hata mtu akaandika kwamba mfungwa wa Marekani "amenyongwa kwa sindano ya sumu", jambo lisilowezekana. Ufaransa ilikata vichwa kwa mashine hadi mwaka 1977, na jimbo la Alabama nchini Marekani lilianza kutumia gesi ya naitrojeni mwaka 2024. Iwapo hujui njia iliyotumika, andika tu kwamba adhabu ya kifo imetekelezwa dhidi ya mfungwa huyo.

Swali lako la mwisho ndilo gumu zaidi. "Mauaji" ni neno pana mno kuwa jina la kosa. Linajumuisha kuua vitani, kuua kwa bahati mbaya na kuua kwa kujitetea. Wanaopinga adhabu ya kifo hulitumia hata kwa kitendo cha dola yenyewe wanaposema "mauaji ya kisheria", na kisarufi hawajakosea, ingawa msomaji ajue kwamba kwa kuchagua neno hilo tayari wamechukua upande. Sheria inatenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, na mjadala wa kifo unahusu la kwanza. Tofauti iko katika dhamira ya aliyeua, wala haitegemei ukatili wa tukio jinsi unavyosimuliwa.

Wanaopinga hupenda pia kusema kwamba adhabu hii ni "kisasi". Neno hilo limetokana na Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu asili yake ni malipizi yaliyowekewa mipaka, ambapo jamaa wa aliyeuawa wanaweza kusamehe au kupokea dia, yaani fidia ya damu. Katika Kiswahili cha leo limebakiwa na harufu ya ghadhabu, kwa hiyo mtetezi wa sheria hiyo anapolitumia na mpinzani wake anapolitumia, hawazungumzi jambo moja. Ningewashauri wote wawili walifafanue kwanza.

Nimalizie na tahajia. Uliandika "waliouwawa wenzao", na hapo kuna makosa mawili. Kitenzi ni -ua, na kauli yake ya kutendwa ni -uawa: ameuawa, kuuawa, waliouawa, hakuna "w" kati ya "u" na "a". Pia aliyeuawa ndiye marehemu, hivyo hawezi kuwa na "wenzao" mbele yake kama yambwa, yaani mtendwa; aliyetenda ni aliyeua. Sentensi yako ilihitaji "waliowaua wenzao" peke yake.