Usilipie tiketi ya Maore kwa viza ya Komoro

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika unakwenda Komoro mwezi ujao, unaanzia Moroni, mji mkuu wao, kisha unapanda ndege nyingine hadi kisiwa cha Maore kwa binamu yako, na wakala amekuhakikishia kwamba viza utakayogongewa Moroni inatosha visiwa vyote vinne. Ukauliza na hali ya hewa, hela, lugha, na serikali yao ikoje. Hayo mengine yatasubiri. Kama tiketi ya pili hujailipia, usiilipie.

Mimi niliilipia. Agosti 2019, mtoto wa dada yangu anaolewa Mamoudzou, huko Maore. Wakala wangu wa hapa Dar alitandaza ramani mezani, akapitisha kalamu: Ngazidja, Mwali, Nzwani, Maore. "Nchi moja hiyo, kaka. Ni kama unatoka Unguja unakwenda Pemba." Nikatoa laki saba na nusu kwa kipande cha Moroni kwenda Dzaoudzi, uwanja wa ndege wa Maore, peke yake, tiketi ambayo ukishakata hela hairudi. Hakuniuliza hata nina viza gani.

Moroni nilikaa siku tatu, watu wakarimu kupita maelezo. Siku ya nne alfajiri nikarudi uwanjani Hahaya. Dada wa kaunta akafungua pasipoti, akapekua mpaka ukurasa wa mwisho, akarudi mwanzo, akapekua tena. "Viza ya Ufaransa?" Nikamwonyesha ya Komoro. Akatikisa kichwa. Ukutani nyuma yake kulikuwa na bendera yao: nyota nne na mistari minne, ule mweupe ndio wa Maore. Nikanyoosha kidole, nikamuuliza mbona nyota ni nne? Akanijibu taratibu, kwa Kiswahili alichojifunzia Zanzibar: "Maore ni yetu, kaka. Ila polisi wa kule si wetu."

Sanduku lilikuwa limeshapanda kwenye mzani. Kilo 23, zaidi ya nusu ni doti za kanga za bibi harusi. Akalishusha yeye mwenyewe, akalisukuma hadi miguuni kwangu. Jumamosi ile mpwa wangu akaolewa, mimi niko chumba cha wageni Moroni nasikiliza vigelegele kwenye simu.

Wanaojiandaa kunicheka, fungueni kwanza Katiba ya Komoro muone kama nyinyi msingeingia mkenge. Inaitaja Maore kama sehemu ya nchi. Umoja wa Mataifa ulipoipokea Komoro Novemba 1975 uliipokea kwa visiwa vinne. Kwenye karatasi wakala hakukosea. Kosa lake, na hili sijamsamehe, ni kuuza safari kwa karatasi bila kujua kinachofanyika kaunta. Nilipomrudia akasema "mambo ya siasa hayo, sisi tunauza tiketi". Basi kama unauza tiketi, jua tiketi inampeleka mtu kwa nani!

Na mambo yenyewe hayajafichwa popote. Tarehe 22 Desemba 1974 Wakomoro walipiga kura ya uhuru. Ukijumlisha visiwa vyote, zaidi ya asilimia 90 walisema ndiyo, lakini Maore wengi wakakataa. Tarehe 6 Julai 1975 kiongozi wao Ahmed Abdallah akatangaza uhuru bila kuwasubiri Wafaransa, na Ufaransa ikabaki na Maore. Mwaka uliofuata wakapigishwa kura nyingine kule, wakachagua kubaki. Mwaka 2009 wakapiga kura tena, na Machi 2011 Maore ikawa mkoa wa 101 wa Ufaransa, Wafaransa wanaiita Mayotte. Hela ni yuro, mahakama za Kifaransa, na muhuri wa mpakani ni wa Kifaransa. Tangu 1995 hata Mkomoro wa Nzwani anatakiwa awe na viza kwenda Maore, bahari ambayo ndugu zake walikuwa wakivuka kwenda kuzika na kuoa. Kama Mkomoro mwenyewe anadaiwa viza, wewe wa Tandika utapitaje?

Ukitaka ushahidi mwingine, angalia urais wao. Katiba ya 2001 iliweka zamu ya visiwa: Azali Assoumani wa Ngazidja, akaja Sambi wa Nzwani mwaka 2006, akaja Ikililou Dhoinine wa Mwali mwaka 2011. Maore haijawahi kutoa rais. Na Machi 2008, wanajeshi wetu wa Tanzania walipokwenda na wenzao wa Umoja wa Afrika kumng'oa Mohamed Bacar aliyekuwa ameshikilia Nzwani, jamaa alikimbilia wapi? Maore. Akawa nje ya mikono ya Moroni, ilhali kwenye bendera ni kisiwa chao.

Kwa hiyo mimi sasa, kabla ya kukata tiketi ya mahali popote, swali langu ni moja: nani anagonga muhuri pale ninaposhukia? Siulizi kisiwa ni cha nani kwenye ramani wala nani ana haki nacho. Moyoni mwangu naamini Wakomoro wana haki yao, lakini imani yangu haikunipandisha ndege.

Wakala akikugeuzia maneno akasema viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, basi inatosha, mkatalie pia. Maore ni Ufaransa lakini haimo Schengen. Viza lazima iwe imetolewa kwa ajili ya Mayotte, na huiombi ukishafika, unaomba kabla ya kuondoka.

Halafu ukikwama Moroni, atatokea mtu wa kukunong'oneza: nenda Nzwani, kutoka pale ni kilomita kama 70 tu, kuna kwassa-kwassa za usiku. Nilinong'onezwa mimi, na nikiwa na hasira ya ile laki saba nilifika hatua ya kuuliza bei. Zile ni boti ndogo za uvuvi zinazojazwa watu kupita kiasi, na maiti waliozama kwenye mkondo ule ni wengi mno. Mzee mwenye nyumba niliyopanga aliniambia ana mtoto wa ndugu yake hajaonekana tangu apande. Sikuuliza tena.

Hali ya hewa: Mei hadi Oktoba ni kukavu, nenda wakati huo. Lugha: Shikomori utakiokota haraka, ila "marahaba" kule ni asante, usidhani umeamkiwa.

Kesho asubuhi piga simu ubalozi wa Ufaransa Dar, uulizie viza ya Mayotte kwa jina hilo hilo. Ikishindikana, na binamu yako ana makaratasi yanayomruhusu kutoka na kurudi, aje yeye Moroni mkutane pale. Kanga za mpwa wangu zilifika hivyo hivyo: mama mmoja wa Mamoudzou mwenye pasipoti ya Kifaransa alikuja kuona wazazi Ngazidja, akazibeba, miezi miwili baada ya harusi.