Maswali ya Wasomaji: Chungwa na Majina Yake

SWALI: Kamusi yangu ya Kiarabu inaandika chungwa kuwa burtuqal, lakini katika maandishi ya kale ya mapishi nakuta naranj. Je, ni tunda moja?

JIBU: Ni matunda mawili. Naranj ni danzi, lile chungu na chachu. Burtuqal ni chungwa tamu. Danzi ndilo lililotangulia kusafiri. Kisanskriti kililiita naranga, Kiajemi narang, Kiarabu naranj, na Waarabu wakalifikisha Hispania na Sicilia, jina na mti wake pamoja. Chungwa tamu lilienea Ulaya baadaye, karne ya 15 na 16, na wachuuzi wake wakubwa walikuwa Wareno. Ndiyo maana Kiarabu kina burtuqal, Kituruki portakal, Kigiriki portokali na Kiajemi porteghal: yote ni jina la Ureno. Wareno wenyewe, ajabu, husema laranja. Waholanzi (sinaasappel) na Warusi (apelsin) huliita “tofaa la China”, na hao wamekaribia zaidi asili ya tunda lenyewe.

Kwa anayetafsiri: andiko likiwa la kabla ya karne ya 15, naranj iandike danzi. Ukiandika chungwa, mpishi atatia utamu mahali palipotakiwa uchachu. Kihispania kinahitaji uangalifu zaidi, maana naranja hubeba yote mawili. Tafuta neno amarga, yaani chungu, pembeni yake.

SWALI: Nimesoma kwamba Waingereza walisema “a norange”, kisha n ikahamia kwenye “an”. Ni kweli?

JIBU: Hadithi tamu, lakini si ya Kiingereza. Neno lilipowafikia kutoka Kifaransa cha kale, orenge, n ilikwisha kuanguka njiani. Kwa Kiitaliano ndiyo, una narancia iligeuka un'arancia. Kihispania na Kihungari (narancs) zimeihifadhi n; Kireno kimeibadili kuwa l. Mfano halisi wa Kiingereza ni apron, ambalo zamani lilikuwa napron.

SWALI: Ukoo wa kifalme wa Uholanzi, Oranje, umeitwa kwa jina la tunda?

JIBU: Hapana, kwa jina la mji wa Orange, kusini mwa Ufaransa, ambao Warumi waliuita Arausio. Majina hayo mawili yalifanana kwa bahati tu. Rangi ya machungwa ikafuata baadaye.