Maswali ya Wasomaji: Kupiga Picha Ukiwa Mtazamaji Uwanjani

Swali: Mhariri, nilikata tiketi ya mechi kwa fedha zangu mwenyewe, nikaenda na kamera yangu yenye lenzi ndefu. Mlinzi wa mlangoni akanizuia kwa kusema kwamba kamera hiyo ni ya kitaalamu, ilhali walionitangulia waliingia na simu zao na wakapiga picha mchezo mzima. Je, alikuwa na haki ya kunizuia? Na picha anayopiga mtazamaji ni mali ya nani?

Jibu: Ndugu msomaji, tiketi haikupi haki ya kuingia uwanjani na kufanya upendalo, inakupa ruhusa ya kuingia kwa masharti. Mmiliki wa uwanja, au mwandaaji aliyeukodi, anaweza kuamua vitu gani viingie na vipi vibaki nje, na mtu anapokata tiketi huhesabiwa kuwa ameyakubali masharti hayo, hata kama hakuyasoma. Kwa hiyo, ikiwa masharti yalitaja aina ya kamera au urefu wa lenzi, mlinzi alikuwa anatekeleza wajibu wake. Hata hivyo, naamini kwa dhati kwamba sharti la namna hiyo linapaswa kuonekana waziwazi kabla mnunuzi hajalipa, kwa sababu si haki mtu kusafiri na kifaa cha thamani ndipo aambiwe mlangoni kwamba hakina nafasi ndani.

Kuhusu simu kupita na kamera kuzuiwa, sababu yake ni kwamba mlinzi hana njia ya kujua nia ya mtu, hivyo anaangalia kifaa. Waandaaji wengi huruhusu picha za kumbukumbu binafsi na hukataza picha za biashara, kwa kuwa kazi hiyo imetengwa kwa wapiga picha waliopewa vitambulisho, wanaofuata taratibu zao na kukaa katika sehemu zao maalumu. Lenzi ndefu huchukuliwa kuwa dalili ya biashara, ingawa dalili hiyo mara nyingi humdhulumu mpenzi wa kawaida wa kupiga picha. Ipo pia sababu iliyo rahisi zaidi kuikubali: kamera kubwa na stendi ya miguu mitatu humziba aliyekaa nyuma na kuzuia njia ya kupita.

Kanuni zenyewe hutofautiana sana. Katika mashindano ya tenisi ya Wimbledon, lenzi inayozidi milimita 300 hairuhusiwi, na fimbo za kujipigia picha zilipigwa marufuku mwaka 2015. Katika mashindano ya gofu ya Masters huko Augusta, Marekani, watazamaji huruhusiwa kupiga picha siku za mazoezi tu, kamera hazikubaliwi siku za mashindano yenyewe, na simu haziruhusiwi kabisa. Katika Kombe la Dunia la FIFA, picha za matumizi binafsi zinakubaliwa, lakini biashara haikubaliwi. Ndiyo maana haifai kudhani kwamba kilichoruhusiwa katika uwanja mmoja kitaruhusiwa katika mwingine.

Sasa nije kwenye umiliki, jambo ambalo wengi hulichanganya. Kwa kawaida, hakimiliki ya picha ni ya aliyeipiga, na mchezo wenyewe si kazi ya sanaa ambayo mwandaaji anaweza kudai kuwa ameitunga. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema hivyo kuhusu mechi za kandanda mwaka 2011, kwa hoja kwamba mchezo unaongozwa na kanuni ambazo haziachi nafasi ya ubunifu unaolindwa na hakimiliki. Zamani zaidi, mwaka 1937, Mahakama Kuu ya Australia ilikataa kumzuia mtu aliyejengewa mnara katika kiwanja chake, jirani na uwanja wa mbio za farasi, ili mbio hizo zitangazwe redioni kutoka hapo. Mahakama ilikataa dai kwamba tamasha linaloonekana kwa macho ni mali ya aliyeliandaa. Kwa kuwa sheria ya hakimiliki haimlindi mwandaaji kwa njia hiyo, yeye huegemea mambo mawili aliyonayo, yaani mamlaka juu ya eneo na mkataba wa tiketi. Picha ni yako, lakini umeahidi kutoitumia nje ya mipaka fulani. Ukiiuza kwa kampuni ili itangaze bidhaa, utakuwa umevunja ahadi hiyo, na huenda pia ukawa umegusa haki za mchezaji aliyemo ndani yake.

Mlinzi naye ana mipaka. Anaweza kukuzuia kuingia au kukutaka utoke, lakini katika nchi nyingi mlinzi wa kampuni binafsi hana mamlaka ya kukunyang'anya kamera wala kukulazimisha ufute picha. Hali hiyo ikitokea, usishindane naye kwa nguvu. Omba kuonana na msimamizi wake, omba uonyeshwe sharti lilipoandikwa, na uulize kama pana mahali salama pa kuhifadhi kifaa chako.

Swali: Nimezoea kurekodi bao kwa simu na kulituma kwenye mitandao ya kijamii. Rafiki yangu anasema ni kosa. Je, ni kweli?

Jibu: Mara nyingi ni kuvunja masharti, ndiyo. Waandaaji huipa picha ya mnato uhuru mkubwa kuliko video, kwa sababu kinachouzwa kwa vituo vya televisheni ni haki ya kuonyesha mchezo ukitembea. Masharti ya tiketi za Olimpiki ya London mwaka 2012 yalikataza mtazamaji kuchapisha video au sauti, na mitandao ya kijamii ilitajwa humo. Mwaka 2014, Ligi Kuu ya Uingereza iliwaonya mashabiki hadharani kuhusu kusambaza vipande vya video za mabao. Kurusha mchezo mubashara kutoka kitini ndiko kunakochukuliwa kwa uzito zaidi, nami sioni utetezi wake. Waandaaji wengi huvumilia kipande kifupi cha mashabiki wakishangilia, lakini uvumilivu huo si ruhusa, na wanaweza kuuondoa wakati wowote.

Kurekodi kutoka kwenye skrini ya televisheni ni jambo jingine tena, kwa kuwa matangazo yenyewe yana hakimiliki. Mwaka 2016, mahakama nchini Uingereza iliamua kwamba vipande vya kriketi visivyozidi sekunde 8, vilivyochukuliwa kutoka kwenye matangazo na kusambazwa kupitia programu ya simu, vilivunja hakimiliki.

Swali: Kwa nini flashi inakatazwa hata pale kamera inaporuhusiwa?

Jibu: Kwa sababu ya usalama wa mchezaji. Mwanasarakasi aliye juu ya boriti, mpiga mbizi anayejirusha au farasi anayekaribia kiunzi anaweza kuumia kwa mwanga wa ghafla unaomvuruga. Isitoshe, flashi ya simu au kamera ndogo hufika mita chache tu. Ukiwa jukwaani inaangaza migongo ya walio mbele yako na haimfikii mchezaji. Izime kabla hujaketi, kwani simu nyingi huiwasha zenyewe.

Swali: Binti yangu huogelea. Kwenye mashindano ya watoto nilitakiwa kujaza fomu kabla ya kumpiga picha mwanangu mwenyewe. Nilihisi nashukiwa. Je, utaratibu huu ni wa haki?

Jibu: Naelewa uchungu wako, mzazi mwenzangu, lakini nauunga mkono utaratibu huo bila kusita. Picha ya binti yako bwawani ni nadra kumwonyesha yeye peke yake. Watoto wa wengine wamo, wakiwa katika mavazi ya kuogelea, na wazazi wao hawajakuruhusu. Wapo watoto ambao, kwa uamuzi wa mahakama au kwa sababu ya vurugu nyumbani, hawapaswi kujulikana wanakoishi wala klabu wanayochezea, na picha moja yenye jina la klabu inaweza kuwafichua. Hofu hii haiwahusu watoto peke yao. Nchini Japani, mwaka 2020, Kamati ya Olimpiki ya nchi hiyo pamoja na taasisi nyingine za michezo zilitoa tamko la pamoja dhidi ya watu wanaowapiga wanamichezo picha kwa nia ya udhalilishaji wa kijinsia na kuzisambaza.

Fomu inawawezesha waandaaji kujua nani anapiga picha na kwa nini. Jaza, kisha mpige picha binti yako akiwa amevaa koti la mazoezi au anapokea medali, na usitaje jina lake kamili pamoja na klabu unapoichapisha. Ukimwona mtu anayekutia shaka, mwarifu msimamizi wa ulinzi wa watoto katika mashindano hayo. Usimpige picha na kuisambaza ukimtuhumu, kwa maana huenda naye ni mzazi aliyejaza fomu kama wewe.