Maswali Yenu: Ukiuliza "Tuko Pamoja?" Hata Asiyeelewa Atasema Tuko Pamoja

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni msimamizi wa zamu kiwanda cha nguo hapa Dar. Wageni wanaingia kila mara, so bosi kaniambia nichague mafundi wazoefu niwafundishe kufundisha wageni kwenye ovaloki, ile mashine ya kushona kingo za nguo. Nimewapa semina siku mbili, slaidi zipo, chai ipo, wameitikia vizuri tu. Wakirudi kwenye laini wanamwambia mgeni "angalia ninavyofanya" halafu wanashona mbio mpaka mgeni anaduwaa. Nikiuliza wanasema tumemfundisha ila ni mzito. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, kwenye hizo siku mbili kuna fundi hata mmoja aliyesimama akamfundisha mwenzie kitu wewe ukiangalia? Kwa unavyoeleza naona hakuna. Uliongea, wao wakaitikia. Na mtu mzima ukimuuliza "tuko pamoja?" atakujibu "tuko pamojaaa" hata kama muda wote alikuwa anawaza ada ya mtoto, ile ni adabu tu, hataki kukuaibisha wewe wala kujiaibisha yeye mbele za wenzie. Kwahiyo hilo swali lifute kabisa. Badala yake sema "hebu nionyeshe."

Wamarekani walikutana na shida kama yako wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vinataka watu haraka na wanaoingia wengi hawajawahi kushika mashine. Wakaanzisha mpango wa TWI (Training Within Industry, yaani mafunzo ndani ya viwanda), ukaenda kuanzia 1940 mpaka 1945, na kozi yake ya kufundisha wafundishaji ilikuwa masaa 10 tu, vipindi vitano vya masaa mawili mawili. Kipindi cha kwanza mkufunzi anamwita mtu mbele anamfundisha kufunga fundo la waya wa umeme kwa maneno matupu. Jamaa anashindwa. Anaitwa mwingine, huyu anaonyeshwa tu bila maelezo, naye anashindwa, maana amekaa anatazamana na mkufunzi, kushoto kwa huyu ni kulia kwa yule. Mara ya tatu ndo anafundisha sawasawa: kwanza unamweka mtu sawa na kumuuliza anajua nini tayari, pili unamwonyesha polepole huku unataja kila hatua na sababu yake, tatu anafanya yeye huku anakueleza wewe, nne unamwachia kazi lakini unampitia pitia na anajua amuulize nani akikwama. Basi. Vipindi vilivyobaki kila mshiriki alikuja na kazi yake halisi ya kiwandani akaifundisha mbele ya wenzie wakamkosoa. Na kadi waliyopewa mfukoni ilikuwa na maneno makali kidogo, kwamba mfanyakazi asipojua basi aliyemfundisha hajafundisha. Lile neno "mzito" halikuwa na nafasi pale.

Sasa turudi kwenye ovaloki yako, maana hapa ndo penye utamu. Fundi mzoefu uzi ukiisha hatungi upya, anafunga fundo uzi mpya kwenye wa zamani anavuta unapita wenyewe. Miaka imeenda hajatunga kutoka sifuri. Halafu mgeni anakatikiwa na uzi wa lupa ya chini, kile chuma kinachobeba uzi chini ya kitambaa, anautunga vizuri kabisa lakini sindano ameziacha na nyuzi zake, akikanyaga tu unakatika tena, anatunga tena, unakatika, na fundi anamwona mjinga. Kumbe kinachotakiwa ni kutoa nyuzi za sindano kwanza, umalize lupa, sindano ziwe za mwisho. Fundi anajua hilo, mikono yake inajua, ila mdomo wake haujawahi kulisema. Kwahiyo zoezi lako la kwanza lisiwe slaidi, waambie kila fundi atoe nyuzi zote kwenye mashine atunge upya polepole, mwenzie akae pembeni na karatasi aandike kila hatua, na kwenye ile hatua ambayo ukikosea kila kitu kinaharibika aweke alama na aandike KWANINI. Watabishana, waache wabishane, hapo ndo wanajifunza kufundisha. Ikibaki karatasi moja ya hatua saba nane imetosha, ukiona ishirini ujue wanajionyesha.

Na mgeni akae ubavuni kwa fundi, sio mbele yake.

Jambo jingine, usiwaachie ukidhani imeisha. Mafunzo ya kupokezana, yaani wewe unamfundisha fundi na fundi anamfundisha mgeni, yanavuja kila yanaposhuka. Wazee wetu walilijua hili, kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 ilifikia watu kama milioni 2 Tanzania nzima na viongozi wa vikundi walifundishwa kwa kupokezana hivyo hivyo, ila hawakutegemea kumbukumbu ya kiongozi peke yake, kikundi kilikuwa na redio na kijitabu, wanasikiliza, wanasoma, wanajadili, halafu wanaamua watafanya nini pale pale kijijini, kama kuchimba choo. Wewe redio huna lakini ile karatasi inaweza kubanwa kwenye mashine.

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 26, msimamizi wa usafi wa vyumba hotelini Zanzibar. Nawafundisha kina mama wa umri wa mama yangu. Nikiwarekebisha wananuna, wengine wananiambia "nimefanya kazi hii hujazaliwa." Nimeanza kuogopa kusema.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza shikamoo yako kwao isikatike hata siku moja, cheo hakifuti shikamoo. Pili usianze na "leo nitawafundisha", anza na "bibie, wewe hapa unafanyaje?" halafu nyamaza usikilize kweli, maana mengine wanayafanya vizuri kukushinda na ukiyachukua mbele ya wote umemaliza nusu ya ugomvi. Kosa lirekebishwe pembeni, chumbani mkiwa wawili, na usimseme yeye, sema shuka, sema kioo.

Ila kuna pa kutobembeleza. Kuna wanaochanganya dawa ya klorini ile ya kung'arisha na dawa ya choo yenye asidi eti choo king'ae zaidi. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, inashambulia macho na mapafu, na kwenye bafu dogo lisilo na dirisha ni hatari kweli. Hapo usiseme "sheria za hoteli zinakataza", mtu mzima sheria isiyo na sababu anaifuata ukiwepo tu. Muulize, "mama umewahi kukohoa na kutoka machozi bafuni?" Wengi watasema ndiyo, wengine watacheka. Sasa mweleze ile ilikuwa nini. Nakuhakikishia kesho yake atamkataza mwenzie kabla yako, tena kwa ukali ambao wewe usingethubutu.

Anayesema hujazaliwa, mpe mgeni mmoja amfundishe. Mara nyingi anataka tu ionekane kwamba anajua.

SWALI: Watu wazima nikiwaita mafunzoni wanauliza posho kabla ya kuuliza ratiba. Tamaa imezidi?

JIBU: Mafunzo unayaweka saa ngapi? Kama ni baada ya zamu au Jumamosi, basi umemchukulia nauli, muda wa kibarua kingine na chakula cha jioni cha watoto, lazima aulize. Yaweke ndani ya masaa ya kazi, dakika 40 asubuhi watu wakiwa hawajachoka, swali la posho litapungua lenyewe. Likibaki, walipe nauli.

SWALI: Lazima niwe na cheti ili niwe mkufunzi kazini?

JIBU: Kufundisha wenzako ndani ya ofisi yenu, kwa kawaida bosi akikuamini unaanza. Ukitaka kuwa mwalimu wa chuo cha ufundi, hapo ulizia chuo cha walimu wa ufundi kilicho chini ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kipo Morogoro. Na kwa elimu ya watu wazima yenyewe kama fani, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima imeundwa kwa sheria tangu 1975 na inatoa mpaka diploma na digrii. Usilipie cheti cha wikiendi moja kule WhatsApp, hata kama kina muhuri wa dhahabu.