Maswali ya Wasomaji: Kujitegemea kwa Kutengeneza Programu Ndogo za Wavuti

Swali: Ndugu mjibu maswali, niliacha ajira ili nijitegemee kwa kutengeneza programu ndogo za wavuti. Mteja wangu wa kwanza alihitaji mfumo wa kupokea miadi, nasi tukakubaliana bei ya jumla kwa maneno tu. Tangu hapo, kila wiki ananiongezea jambo analoliita dogo: mara ujumbe wa kuwakumbusha watu miadi yao, mara ripoti ya mwezi, mara ruhusa tofauti kwa kila mfanyakazi. Huu ni mwezi wa nne, na malipo hayajabadilika. Nifanye nini bila kumpoteza?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze kwa kumtetea kidogo mteja wako, kwa sababu naamini hakudhulumu kwa makusudi. Yeye anaona kitufe kimoja kimeongezeka kwenye ukurasa, na hana namna ya kuona kilicho nyuma ya kitufe hicho. Chukua ule ujumbe wa kukumbusha. Ili utumwe, seva, yaani kompyuta inayoendesha programu, inapaswa kufanya kazi kwa saa iliyopangwa hata kama hakuna mtu aliyefungua ukurasa. Inapaswa kujua majira ya saa ya mpokeaji, kujaribu tena mtandao unapokatika, na kuweka kumbukumbu ili mtu mmoja asipokee ujumbe uleule mara tatu. Ruhusa za wafanyakazi nazo ni nzito zaidi ya zinavyoonekana, kwani kuficha kitufe hakutoshi: kila ombi linalofika kwenye seva lazima lihakikiwe upya, la sivyo mfanyakazi anayejua anwani ya ukurasa ataufungua hata bila kitufe.

Mambo haya mweleze mteja wako kwa lugha hiyo hiyo ya kawaida. Mwandikie barua fupi inayotaja mliyokubaliana mwanzoni, yaliyoongezwa baadaye na uliyokwisha kuyakamilisha, kisha mpendekezee kwamba yaliyosalia yawe awamu ya pili yenye bei na tarehe zake. Usimdai fidia ya miezi iliyopita ikiwa hukumwambia mapema kwamba nyongeza hizo zina gharama. Kwa maoni yangu hasara hiyo ni yako, na ukiikubali kwa uungwana utakuwa na nafasi nzuri ya kusikilizwa kuhusu siku zijazo.

Kwa kazi zinazofuata, usiandike hata mstari mmoja wa msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu, kabla ya kuwa na makubaliano ya maandishi. Kurasa mbili zinatosha, mradi zitaje pia yale ambayo programu haitafanya, maana hapo ndipo magomvi mengi huzaliwa. Malipo yagawe kwa hatua: sehemu kabla ya kuanza, sehemu mteja anapoona programu ikifanya kazi kwenye seva ya majaribio, na sehemu ya mwisho kabla ya makabidhiano. Unapokadiria muda, vunja kazi hadi kila kipande kiweze kukamilika ndani ya siku moja. Kipande kinachokataa kuvunjika ni dalili kwamba bado hujakielewa, na hicho ndicho cha kumuuliza mteja. Halafu ongeza saa za mikutano, majaribio na mafunzo ya watumiaji, ambazo wengi wetu huzisahau ingawa hula sehemu kubwa ya kazi.

Swali: Ninajenga programu ya kutunza orodha ya vifaa na mauzo, itakayotumiwa na watu wapatao 40. Wenzangu wanasema kwamba nisipotumia fremuwaki (kiunzi kilicho tayari cha kujengea programu) mpya kabisa na seva kadhaa, sitahesabika kuwa mtaalamu. Je, ni kweli?

Jibu: Si kweli, na ningependa sana usiwasikilize. Wewe uko peke yako, kwa hiyo chagua zana ambazo utaweza kuzirekebisha peke yako usiku wa manane, miaka mitatu baada ya kuisahau kazi yenyewe. Kila maktaba, yaani furushi la msimbo ulioandikwa na wengine, unayoiongeza ni kitu kingine cha kusasisha na mlango mwingine wa kulinda. Kwa watu 40, kurasa zinazotayarishwa na seva moja na hifadhidata moja zinatosha kabisa. SQLite, programu ya hifadhidata iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, huhifadhi data yote katika faili moja, na watunzaji wake wenyewe husema kwamba tovuti inayotembelewa chini ya mara 100,000 kwa siku huhudumiwa nayo bila shida. Kikwazo chake ni kwamba huruhusu uandishi mmoja tu kwa wakati mmoja, jambo ambalo watumiaji wako hata hawatalihisi.

Umakini wako uweke kwenye mambo yasiyoonekana. Nenosiri lisihifadhiwe kama lilivyoandikwa. Lipitishwe kwenye kanuni iliyobuniwa kuligeuza lisiweze kusomeka tena, kama vile bcrypt, ambayo imekuwapo tangu 1999. Maneno ya mtumiaji yasiunganishwe moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuiagiza hifadhidata, bali yapelekwe kama vigezo, yaani kando ya amri yenyewe, kwa sababu mshambuliaji anaweza kuandika kwenye fomu amri ya kufuta au kuiba data yako yote. Ukaguzi wa fomu unaofanywa na kivinjari ni msaada kwa mtumiaji mwema tu, hivyo urudie kwenye seva. Na kwa kuwa programu yako inagusa mauzo, hifadhi fedha kwa namba kamili za kipimo kidogo kabisa cha sarafu: katika lugha ya programu ya JavaScript, 0.1 ukijumlisha na 0.2 unapata 0.30000000000000004, na makosa ya aina hiyo yakirundikana hesabu hazitalingana.

Swali: Mteja amekataa kumalizia malipo. Nina nywila za seva yake. Je, naweza kuizima programu hadi alipe?

Jibu: Usiizime. Data iliyomo ni ya mteja na ya watu anaowahudumia, na katika nchi nyingi kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini yake ni kosa la jinai, hata kama anadaiwa. Mwandikie dai rasmi lenye tarehe ya mwisho, kisha utafute msuluhishi au mwanasheria. Silaha halali ilipaswa kuwa ndani ya mkataba. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, hakimiliki huanza pale kazi inapoundwa, bila usajili. Kwa hiyo kifungu kinachosema kwamba haki za msimbo zitahamia kwa mteja baada ya malipo ya mwisho kina nguvu kubwa. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, na akaunti ya seva, kwa upande mwingine, visajiliwe kwa jina la mteja tangu siku ya kwanza.

Swali: Nahudumia wateja sita peke yangu. Nikiugua ghafla, itakuwaje?

Jibu: Kila mteja awe na waraka mmoja unaoeleza programu iko wapi, inawashwaje, nakala za akiba zinatunzwa wapi na nani ana funguo. Nakala hizo zichukuliwe kila usiku, zipelekwe kwenye seva nyingine, na mara moja kwa mwezi urejeshe moja wapo kwenye kompyuta tupu ili uone kama inafunguka. Kisha mtafute mwenzako anayefanya kazi kama yako, mkubaliane kushikiana zamu, na umpe waraka wa mteja mmoja ajaribu kuiwasha programu bila kukuuliza chochote. Kila mahali atakapokwama, ongeza sentensi.